Kompyuta Mbili za Mzigo Mmoja

"Umeijaribu hii, au umeijaribu yako?"

Swali hilo niliulizwa saa tatu kamili asubuhi, sebuleni kwa Mwalimu Koku, Mbwemkuru. Hadi leo nakikumbuka kitambaa kilichokuwa juu ya meza: cheupe, cha kufuma kwa mkono, kona moja ina doa la chai. Nilikitazama kitambaa kile kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama yeye.

Mwanangu, nakuandikia wewe, mtoto wa kaka yangu, kwa sababu wiki iliyopita ulinitumia ujumbe kwamba umepata laptop ya mtumba na unataka niifute Windows yake nikuwekee Linux kama ya kwangu. Najua utacheka nikikuita mwanangu. Nina miaka thelathini na moja, na kwenye vikao vya ukoo mimi ndiye ninayeambiwa nipunguze maswali chai ipite. Lakini mtoto wa kaka ni mtoto wangu, na jambo hili simjui mwingine wa kukusimulia. Nikuambie pia mapema kwamba siamini sana nasaha. Wengi wanaozitoa wanajisafisha. Huenda na mimi najisafisha. Soma ukijua hivyo.

Mwalimu Koku alitoka Kagera. Alipangiwa kazi Nachingwea akiwa bado msichana, akasema atakaa miaka miwili, akakaa. Alinifundisha fizikia sekondari. Wenzangu walimwogopa, mimi nilimpenda, kwa kuwa ndiye mtu mzima wa kwanza ambaye nikimuuliza "kwa nini?" hakuniambia "kaa chini". Jibu lake mara nyingi lilikuwa moja: kapime. Ukimwambia waya unapitisha umeme, anakuuliza umeupima huo ulioushika au umesoma tu kitabuni kwamba nyaya hupitisha umeme. Baadaye alihamishiwa shule moja katika kata ya Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, na mimi nikaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta.

Chuoni ndiko nilikokutana na Linux. Kwa mtu kama mimi ilikuwa kama kupata ndugu niliyekuwa sijamjua. Huu ulikuwa mfumo wa kuendesha kompyuta ambao hauna mwenyewe. Yeyote anaweza kuufungua, kuusoma ulivyoandikwa, kuubadilisha na kumpa jirani bure, bila kuiba. Wenzangu walitumia Windows za kunakili zilizojaa virusi, nami nikawa nawahubiria bwenini hadi wakaniita Ustadhati. Niliporudi nyumbani Lionja nilikuwa na cheti, sina kazi, na nilikuwa na fleshi yenye Linux niliyoivaa shingoni kwenye kamba ya kitambulisho cha chuo, kama mwingine anavyovaa mkufu.

Laptop yangu niliinunua Nachingwea mjini, kwa mfanyabiashara anayeleta kompyuta zilizotumika. Mwalimu Koku alinunua yake kwa mtu huyohuyo, wiki ileile, kwa ushauri wangu. Zilifanana kwa rangi, kwa uzito, kwa namba iliyobandikwa chini ya tumbo. Yule bwana alituambia ni za mzigo mmoja. Nami nikalipokea neno hilo bila kuliuliza swali hata moja, mimi niliyekuwa nikiwauliza mashehe na maprofesa.

Sasa sikiliza kilichokuwa hatarini. Mwalimu Koku alikuwa ameomba ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya uzamili ya ufundishaji wa sayansi. Alishaomba mara mbili hapo nyuma, mara zote hata jina halikutokea. Mara hii jina lilitokea. Kilichobaki ulikuwa mtihani mmoja wa mtandaoni, wa saa mbili, unaoanza saa tatu asubuhi, na mlango wa kuingia ungefungwa saa tatu na nusu. Haukukubali simu, ulitaka kompyuta. Na ufadhili wenyewe ulikuwa na kikomo cha umri, miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa anavuka kikomo hicho Desemba. Hii ilikuwa Oktoba. Hakuna mtu aliyeambiwa isipokuwa mkuu wake wa shule, kwa ajili ya ruhusa, na mimi.

Alinipigia simu akanieleza shida yake. Mashine inajizima katikati ya kazi, halafu kuna matangazo ya watu nusu uchi yanajitokeza yenyewe, aibu tupu mbele ya wanafunzi. "Somoe, niondolee uchafu tu," alisema. Uchafu tu. Hayo ndiyo maneno aliyoyatumia. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia.

Mwalimu mwenzake aliyekuwa anakuja Nachingwea akaniletea ile laptop, nikaenda nayo Lionja. Nikaifuta yote, kila kitu, baada ya kuhifadhi mafaili yake pembeni. Nikachomeka fleshi, nikaanza kuweka Linux. Katikati ya kazi mfumo uliniuliza kama niweke pia draiva zisizo huria. Draiva, mwanangu, ni programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuzungumza na kipande fulani cha mashine: kipande cha sauti, cha picha, cha Wi-Fi. Kampuni nyingine zinazotengeneza vipande hivi hazimwambii mtu kipande chao kinazungumzaje. Watu wa Linux, wengi wakiwa wanajitolea tu, hukaa miezi wakibahatisha, kama mtu anayejaribu kujifunza lugha kwa kumsikiliza bubu. Wakishindwa, inabaki draiva ya kampuni yenyewe, iliyofungwa, huwezi kuisoma. Mimi vitu hivyo nilivichukia. Tena maandishi yale niliyaelewa kwamba vitapakuliwa kutoka mtandaoni, na nilikuwa sina mtandao. Nikakiacha kisanduku bila tiki, nikabonyeza endelea. Nakumbuka nilijisikia msafi.

Kazi ilipokwisha nilijaribu kila kitu. Karibu kila kitu. Niliandika, nikasikiliza sauti, nikawasha kamera nikajiona, nikaifunga na kuifungua, ikaamka vizuri. Kilichobaki kilikuwa Wi-Fi. Pale nyumbani, unapajua, simu inakamata mtandao ukisimama kwenye kile kichuguu mwisho wa shamba, huku kwingine ni kubahatisha. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Oktoba, na huko mwisho wa shamba bibi yako alikuwa anaokota korosho. Ningefika pale na laptop angeniambia niiweke chini nichukue ndoo. Nami sikutaka ndoo. Nikajisemea yangu ni hii hii, yangu inashika Wi-Fi, basi.

Ukiniuliza leo maisha ya mtu yaliharibika kwa sababu gani, nitakuambia ni kwa sababu ya ndoo.

Nilifika Mbwemkuru jioni, siku moja kabla ya mtihani. Mwalimu alikuwa amenipikia ndizi, na mezani kulikuwa na kitabu kinene cha kujiandaa na mtihani, kurasa zimejaa karatasi ndogo za alama. Alipoiwasha laptop ikafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti, aliweka mkono mdomoni. Alisema imekuwa kama mtoto aliyeogeshwa. Kisha akasema tuunganishe na simu yake tuone mtandao.

Hapa, mwanangu, ndipo ninaporudi kila nikikosa usingizi. Alikuwa ametaka kupima. Mimi ndiye niliyemkataza. Alikuwa amejitengea vocha ya bando la saa kumi na mbili, lile linaloanza kuhesabu saa unapolinunua, na pale kijijini vocha ya pili angeipata kesho duka likifunguliwa, kama ingekuwepo. Nikamwambia asilianze bando usiku huu likaja kumkatikia katikati ya maswali. Nikamwambia kesho ni kubofya tu.

"Una hakika?" aliuliza.

"Mwalimu, yangu na hii ni za mzigo mmoja."

Akanitazama kidogo, kisha akacheka, akasema basi nile ndizi zinapoa.

Asubuhi saa mbili na nusu alivaa kama anayekwenda kanisani. Akanunua bando, akawasha simu igawe mtandao, akanisogezea laptop. Nikabofya pale juu kwenye kona. Kwenye laptop yangu hapo hutokea orodha ya mitandao. Kwenye yake hapakutokea kitu. Palikuwa na sentensi moja tu: hakuna adapta ya Wi-Fi.

Nikazima, nikawasha. Nikajaribu Bluetooth, nayo haikuwepo, maana kwenye mashine hizi Wi-Fi na Bluetooth hukaa kwenye kipande kimoja. Nikaunganisha simu kwa waya, ikachaji tu. Nilikuja kuelewa kwamba waya ule ulikuwa wa kuchajia peke yake, hauna njia ya kupitisha taarifa, na nyaya mbili tulizokimbilia kununua dukani zilikuwa za namna hiyohiyo. Nikaandika amri zote nilizozijua. Mashine ikanipa namba ya kipande kile, na namba ile ilikuwa tofauti na ya kwangu. Za mzigo mmoja, rangi moja, namba moja tumboni, lakini ndani kiwanda kilikuwa kimeweka vipande vya makampuni mawili. Cha kwangu kilikuwa cha kampuni iliyoacha watu wasome. Chake kilikuwa cha ile iliyofunga. Ili kipande kile kifanye kazi nilihitaji draiva, na nilijua kwamba ili kupata draiva nilihitaji mtandao, na ili kupata mtandao nilihitaji kipande kile.

Ndipo aliponiuliza. Hakupandisha sauti. Aliuliza vilevile alivyokuwa akiuliza darasani, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Umeijaribu hii, au umeijaribu yako?"

Laptop yangu nilikuwa nimeiacha Lionja, na kompyuta nyingine pale ilikuwa ya mkuu wa shule, naye alikuwa ameondoka nayo alfajiri kwenda kikao Ruangwa. Saa tatu na dakika tano nikasema twende Ruangwa mjini, kuna steshenari zenye mtandao. Mwalimu alijua hesabu ya mwendo na umbali kuliko mimi. Alijua hatuwezi kufika kwa dakika ishirini na tano. Alipanda tu. Nadhani alipanda kwa ajili yangu.

Tulipanda bodaboda moja wote wawili, mshikaki, mimi nyuma kabisa. Dereva alikuwa kijana aliyefundishwa naye, anaitwa Bakari, mcheshi. Alipoambiwa mwalimu anawahi mtihani aliona raha.

"Leo zamu yenu, Mwalimu. Na sisi uliotupa sifuri tukuombee nini?"

"Niombee barabara," alisema Mwalimu.

Bakari akageuka akaniona fleshi shingoni. "Na dada huyo na hirizi yake mbona haituvushi?"

Mwalimu alicheka. Mimi niliishika ile fleshi nikaiingiza ndani ya blauzi ili isinipige usoni kwa upepo. Vumbi lilikuwa jekundu na jingi. Kila baada ya muda Mwalimu alipiga namba ya waandaaji wa mtihani, ikaita, ikakatika. Saa tatu na nusu ilitukuta njiani, kati ya mikorosho, akina mama wameinama wanaokota. Niliona kwenye saa yake. Naye aliona. Bakari akaendelea kukimbiza.

Steshenari ya Ruangwa tuliingia saa nne imeshapita. Binti wa pale alitufungulia kompyuta haraka haraka kwa kumwona mwalimu mtu mzima amejaa vumbi. Ukurasa ukafunguka vizuri kabisa. Ukasema muda wa kuingia umekwisha.

"Wamefunga, Mwalimu," alisema yule binti, kwa upole, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Mwalimu Koku alikaa kwenye kiti cha plastiki. Akaomba maji. Akanywa nusu chupa, nusu akanipa mimi. Mimi nilikuwa nalia na kusema, nasema kampuni ile ni wezi, nasema mfanyabiashara ametudanganya, nasema nitawaandikia. Aliniacha nimalize.

"Turudi," alisema. "Nina kipindi saa nane, kidato cha pili."

Na alikifundisha. Nilikaa kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu nikamsikia akifundisha msuguano, sauti ileile.

Barua pepe kwa waandaaji niliiandika mimi, ndefu, ya kuwaeleza yote. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, lilikuwa na sentensi mbili, na ya pili ilikuwa ya kumtakia heri. Desemba ikafika. Akatimiza miaka yake.

Nilimwambia babu yako habari hii tukiwa kwenye ghala la chama cha msingi, tumepeleka korosho. Unamjua, Kiswahili chake ni cha sokoni, mambo ya moyoni huyasema kwa Kimwera. Alinisikiliza huku akimtazama karani anayechukua sampuli. Yule karani alikuwa na bambo, kile chuma cha kuchomea magunia. Magunia yetu yalikuwa manane, ya shamba moja, mikorosho ileile, yameanikwa kwenye jamvi moja. Karani aliyachoma yote manane, moja baada ya jingine, akatoa korosho akazikata akaangalia ndani. Babu yako akaniuliza kwa Kimwera, "Na gunia la mwalimu hukulichoma?" Nimekua nikiona bambo kila msimu tangu nikiwa na miaka mitano.

Nilirudi Mbwemkuru Januari, na Windows halali niliyoazima pesa kuinunua, nimrudishie. Alikataa. Alisema iache hivyo, kuandikia mitihani inatosha, mafaili atabeba kwa fleshi. Sikumwelewa. Nilitaka anitukane, niondoke nimelipa. Badala yake akanipa kile kitabu kinene, na alama zake zote ndani, akasema labda mimi kitanifaa. Ninacho hapa Lindi, kabatini. Sijawahi kukifungua.

Mwalimu bado yuko kulekule. Nikimpigia simu tunazungumza mvua na bei ya ufuta. Zamani alikuwa haachi kuniuliza nasoma nini, nimepima nini, nabishana na nani. Sasa haulizi. Mara moja nilijaribu kulitaja lile swali lake, akasema hakumbuki kuuliza kitu. Sijui kama ni kweli. Ninachokijua ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa anauliza, sasa hayupo, na mimi nilikuwepo alipoondoka.

Utaniambia kosa si langu peke yangu. Nimelizungusha kichwani miaka tisa, na bado nasema ile kampuni ilikosea kuficha, na bado natumia Linux, na bado naona ni haki mtu kusoma kinachoendesha mashine yake. Hayo yote ni kweli na hayamsaidii Mwalimu Koku kitu. Kila mwaka mashine mpya zinakuja na vipande vipya vilivyofungwa, watu wale wanaojitolea wanaanza tena kubahatisha, na mahali fulani binti mwenye cheti anamwambia mtu ni kubofya tu. Sioni mwisho wake.

Basi nikupe nilichonacho. Usiniamini mimi, na usiiamini laptop yangu. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote. Iwashe hivyo, kwenye mashine yako hiyohiyo, mahali utakapoitumia, kwa simu yako na waya wako, uone inashika Wi-Fi au haishiki, kabla hujafuta kinachofanya kazi. Usihurumie bando. Usiogope ndoo. Na ikiwa mashine ni ya mtu mwingine, akikuambia uondoe uchafu tu, ondoa uchafu tu. Imani yako ijaribie kwenye vitu vyako.

Mwenyezi Mungu akujalie kujitilia shaka wewe mwenyewe kabla hujawatilia shaka wengine. Akupe walimu wanaouliza, na wakikuuliza uwe na jibu. Akuepushe na msamaha wa mtu uliyemharibia, maana huo, mwanangu, haubebeki.

Nimebakiza jambo moja, na sijamwambia Mwalimu, na sitamwambia. Mwaka jana nilikuwa natafuta picha za chuoni, nikachomeka ile fleshi ya zamani. Nikaingia kwenye folda ambayo sikuwahi kuifungua. Draiva ya kipande kile ilikuwemo, ya namba ileile ninayoijua kwa kichwa, imewekwa pale na waliotengeneza mfumo kwa ajili ya watu wasio na mtandao. Kuiweka ni kazi ya dakika nne. Nilikuwa nimeivaa shingoni kutoka Lionja hadi Mbwemkuru, na kutoka Mbwemkuru hadi Ruangwa.